Filimbi ya Bwawani

Binti yangu alikuwa anaogelea bwawani, karibu na matete wanakotagia bata mwitu. Mlinzi wa bwawa akapuliza filimbi. Nikaita, “Mwanangu, toka majini!”

Akacheka. “Mama nawe! Huyo na bata wake, utadhani kawaatamia yeye. Haya, nasogea.”

Tulizoea hivyo: filimbi ikilia, ujue umekaribia viota. Akaogelea kuelekea ukuta wa bwawa, mbali na ndege. Kumbe siku ile lango la kutolea maji, pale ukutani, lilikuwa linafunguliwa, na filimbi ni ileile moja. Maji yakamvuta. Niliuona mkono wake, kisha sikuuona tena.

Bata walibaki wametulia kwenye matete.

Wazazi wenzangu, filimbi ikilia msiulize ya nini. Mtoeni mtoto kwanza.