Mafua ya Babu

Mjukuu wangu alipata mafua akiwa na wiki sita, na aliyempa ni mimi.

Mimi ni fundi magari. Kabureta ikiziba, mashine ya upepo nawaachia wenzangu. Naweka mdomo, navuta, natema, gari linawaka. Nimefanya hivyo miaka thelathini. Wiki ile nilikuwa na makamasi ya maji na kikohozi kidogo. Fundi rangi akanicheka: "Mzee, leo umeziba wewe. Nani atakuvuta?" Nikamtukana, tukaendelea na kazi.

Binti yangu alikuwa amekuja kujifungulia kwangu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, wiki thelathini na tatu, kilo moja na gramu mia nane. Tulikuwa watano katika vyumba viwili: mimi, mke wangu, binti, kichanga, na kaka yake wa miaka minne tunayemwita Meneja kwa sababu anaamrisha kila mtu.

Jioni moja wanawake walikuwa nje wanafua. Kichanga akaanza kukoroma, pua imeziba.

"Mchumba, mwili wa panya, mkoromo wa lori?" nikamwambia.

Nikaweka mdomo kwenye pua yake, nikavuta, nikatema. Akapumua vizuri. Nikajiona fundi kweli.

Siku ya tano akaacha kunyonya. Kila akivuta pumzi, mbavu zinabonyea ndani. Tukakimbilia hospitali. Muuguzi aliuliza huku anaandika, hainui kichwa.

"Alizaliwa na wiki ngapi?"

"Thelathini na tatu," binti akajibu.

"Mnalala wangapi naye chumbani?"

"Watatu, pamoja naye."

"Kuna anayevuta sigara?"

"Baba yangu huyu, lakini anavutia nje."

"Anarudi nayo kwenye shati, mama. Kuna mtoto anayekwenda shule?"

"Kaka yake, chekechea."

"Nani alikuwa na mafua?"

"Si huyo huyo kaka yake! Namkataza kumbusu, hasikii."

Pua ya Meneja ilikuwa kavu wiki nzima. Nilijua. Muuguzi akaandika. Mimi nikatazama kalamu.

Nyumbani mke wangu alimuuliza Meneja, "Ulimbusu mtoto?" Akasema ndiyo, maana kweli alimbusu. Akachapwa. Kesho yake akapelekwa kwa wazazi wa baba yake. Mimi ndiye niliyembebea begi.

"Babu, mtoto akipona nitarudi?"

"Utarudi."

Sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Siku ya nne wodini muuguzi alikuja na kimpira cha kuminya, akamvuta mtoto makamasi nacho. "Mkirudi nyumbani tumieni hiki," akasema. "Msije mkavuta kwa mdomo."

Binti yangu akacheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile. "Nani atafanya hivyo?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa na mafua. Nilimvuta pua kama kabureta."

Hakupiga kelele. Alinyoosha mpira wa oksijeni uliokuwa umejikunja.

"Siku nne, Baba. Siku nne nzima unanisikiliza namlaumu mwanangu."

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani."

Nikaenda.

Mtoto alipona. Alikaa kwenye oksijeni siku tisa. Alipungua gramu mia tatu na kumi. Maziwa ya mama yake yalikatika, anakunywa ya kopo. Baridi ikiingia, kifua chake kinapiga mluzi. Meneja alikula fimbo sita zisizo zake, akakaa wiki tatu kwa watu. Aliporudi hakumsogelea dada yake. Anamtazama akiwa mlangoni, mikono nyuma. Mwezi uliofuata binti yangu aliwachukua wote wawili, akarudi kwa mumewe. Tangu hapo nimembeba mjukuu wangu mara mbili. Mara zote mbili mama yake alisimama pembeni yangu, mikono tayari.