Msitu wa Nyuma ya Nyumba

Mtu wa kwanza kuziona zile alama nyekundu alikuwa Mama Pindo, fundi cherehani wa mtaa wa mwisho, mtaa ambao ukishaumaliza unakutana na msitu. Jina hilo alibandikwa na wateja wake. Hata ukienda kumsalimia tu, jicho lake lilishuka moja kwa moja hadi kwenye pindo la nguo yako, na kama uzi umelegea, huondoki hapo mpaka ushonewe. Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza msituni kabla ya kufungua kibanda, akaona mkuyu umepakwa rangi. Akadhani ni utundu wa watoto. Akaona mti wa pili, wa tatu, mpaka kule kwenye kijito, kila mti wenye shina nene umechorwa alama ya mkasi. Akagusa. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikambaki kidoleni.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu mwenye haraka aliuvuka kabla jasho halijamtoka. Lakini hakuna aliyekulia mtaa ule ambaye hakuwa na kipande chake mle ndani. Ndimo watoto walimojifunzia baiskeli, maana ukianguka kwenye majani makavu huumii sana. Ndimo wanafunzi walimojificha siku ya mtihani wa hesabu. Na ndimo seremala mmoja kijana, nywele zimejaa maranda, alimosimama chini ya ule mkuyu mbele ya msichana aliyekuja mbio na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kijana alikuwa amejiandaa kwa maneno matamu. Alipofumbua mdomo yakamtoka haya tu: "Mimi nimetengeneza meza. Ni ya watu wawili."

Msichana alicheka hadi akakaa chini. Wakaoana. Sasa seremala alikuwa marehemu, na msichana ndiye huyo aliyesimama akijifuta kidole kwenye kanga yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi, jirani yake wa kibanda, ambaye habari za watu zilimfikia kabla ya wenyewe.

"Dada, kumbe hujasikia?" kinyozi akasema, wembe ukiwa hewani na mteja akiwa ameganda kitini. "Manispaa imepata kampuni ya ujenzi. Msitu unafyekwa, zinapandishwa nyumba. Barabara ya lami, geti na mlinzi."

"Sisi tumeulizwa na nani?"

"Tutaulizwa. Kuna kikao cha wananchi kwenye ukumbi wa shule. Siku hizi wanapaka rangi kwanza, halafu ndiyo wanauliza."

Tangu siku hiyo kibanda cha Mama Pindo kiligeuka kuwa baraza. Watu walikuja na zipu zilizoharibika, wakaondoka na ahadi ya kuhudhuria kikao. Yeye mwenyewe alichukua vipande vya vitambaa vilivyobaki miaka na miaka, vya sare za shule, vya magauni ya maharusi, vya mapazia, akaviunganisha kuwa mikanda mirefu, akaenda kuifunga miti ile kiunoni mpaka rangi nyekundu ikafichika.

"Umeishonea hata miti?" kinyozi akamtania. "Na pindo umepiga?"

"Sasa ningeacha nyuzi zinaning'inia?"

Watu walikuja kuitazama. Bibi mmoja alitambua kitambaa cha gauni lake la harusi, akasimama pale akikishikashika, akisimulia jinsi mvua ilivyowanyeshea siku hiyo na jinsi bwana harusi alivyoteleza. Mama Pindo aliyakumbuka yote. Gauni lile lilimsumbua mabega.

Mtu mmoja tu hakufurahi, naye alikuwa binti yake wa pekee. Binti huyo alikuwa muuguzi. Aliishi na mumewe, mwoka mikate, pamoja na mtoto wao, katika chumba kimoja cha kupanga upande wa pili wa mji. Jumapili alipokuja kumtembelea mama yake, alikuta mikanda imetandazwa mpaka kwenye viti.

"Kwa hiyo mnaipigania miti," akasema.

"Tunaipigania. Utakuja kikaoni?"

"Nitakuja."

Mama Pindo akafurahi, wala hakugundua kwamba mwanawe hakuwa ametabasamu.

Siku ya kikao ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa madirishani. Meneja wa kampuni, kijana mwenye adabu zake, alionyesha picha za nyumba nzuri zenye ua na maua. Kisha mwenyekiti akamwita Mama Pindo. Hakuwa mzoefu wa kipaza sauti, lakini alipoanza kusimulia habari za baiskeli, za watoro wa hesabu, na za meza ya watu wawili, ukumbi ulicheka, halafu ukanyamaza, halafu ukapiga makofi. Alirudi kitini akijiona amemaliza kazi.

Ndipo binti yake aliposimama nyuma kabisa, akiwa na sare ya kazini.

"Mwenyekiti, mimi nimezaliwa mtaa huu. Hata mimi nilijifunzia baiskeli mle. Lakini siwezi kurudi kukaa hapa, kwa sababu hakuna nyumba. Tuko watatu chumba kimoja. Mwanangu anaandikia kazi za shule kitandani. Mume wangu akirudi kutoka kuoka, sisi tunatoka nje ili yeye apate usingizi, mvua inyeshe isinyeshe." Akageukia upande wa mama yake. "Aliyesema sasa hivi ni mama yangu mzazi, na kila alichosema ni kweli. Ila mimi naomba mtu mmoja aniambie, watu kama sisi tukalale wapi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi alikohoa. Mwenyekiti akatazama meza yake, kisha akaahirisha kikao.

Njiani kurudi, Mama Pindo alitembea mbele, uso umemwiva kwa hasira. Kinyozi akamfuata kwa shida.

"Mtoto kakuumbua mbele za watu," kinyozi akasema, akidhani anamfariji.

Mama Pindo akasimama. Alitaka kusema ndiyo. "Hajaniumbua," akajibu. "Swali kauliza, jibu sina."

Hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akafungua kufuli ya karakana ya marehemu. Lilikuwa jengo refu la matofali, lenye madirisha mapana ambayo seremala aliyaweka mwenyewe kwa ajili ya mwanga. Tangu amzike, hakuna kilichosogezwa. Randa na misumeno ilikuwa ukutani. Koti la kazi lilikuwa kwenye msumari wake, viwiko vimebaki na mkunjo wa mikono yake. Juu ya benchi kulikuwa na kiti ambacho hakikuwahi kupata mguu wa nne. Kila wiki Mama Pindo aliingia, akapangusa vumbi, akanusa harufu ya mbao, akatoka.

Mwaka uliotangulia binti yake aliwahi kumwomba kwa upole, "Mama, pale tungeweza kupata vyumba viwili na sebule." Naye akamjibu, "Pale ni pa baba yako," na mazungumzo yakaishia hapo. Binti hakurudia tena. Sasa mama mtu aliketi kwenye benchi, akalitazama lile koti kwa muda mrefu, akaona jinsi alivyompa nafasi marehemu na kumnyima aliye hai. Alilia kidogo. Kisha akalitoa koti msumarini, akalikunja.

Kesho yake aliwaita binti na mkwewe, akawakabidhi ufunguo.

"Mama, una uhakika?" mkwe akauliza.

"Baba, usiniulize mara mbili, nitaghairi."

Binti alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. "Na vitu vya Baba?"

"Baba yako alikuwa haoni raha chombo kikikaa bure. Tutawapa mafundi wanaofanya kazi. Randa moja niachieni."

Binti akamkumbatia, mkwe akijifanya anakagua dari.

Habari hiyo kinyozi aliitangaza kwa kila kichwa alichokinyoa. Mwenye stoo iliyojaa vyuma chakavu akaanza kuitazama stoo yake kwa jicho jingine. Mwenye ua mtupu naye akaanza kupima. Kikao kilipoitishwa tena, watu wa mtaa hawakusema tena "hatutaki nyumba." Walisema zijengwe huku kwenye viwanja vyetu na kule ukingoni mwa msitu, kando ya barabara, miti ya ndani iachwe. Walibishana na meneja wiki baada ya wiki. Mwishowe manispaa ikakata shauri: ukanda wa barabarani ujengwe nyumba ndogo za kupanga, bila geti, na msitu uliobaki mpaka kijitoni usiguswe.

Ule mkuyu wa seremala ulikuwa upande wa barabarani. Siku ya kuukata, Mama Pindo alifunga kibanda, akaenda mwenyewe kuufungua mkanda wake. Hakungoja kuuona ukianguka. Alisikia tu kishindo akiwa jikoni, akashika ukingo wa meza mpaka kikapita.

Jumapili iliyofuata, binti akiwa ameshahamia, walikwenda wawili kutembea kule ndani. Mahali kijito kinapokata kona, binti akaketi kwenye jiwe pana kama mtu aliyefika kwake.

"Hapa ndipo Baba alipokuwa akinileta ukitufokea."

"Hapa? Mlikuwa mnaniaga mnakwenda dukani."

"Dukani tulipita wakati wa kurudi, tupate kitu cha kukuonyesha. Tulikuwa tunakaa hapa, ananiambia, 'Tumpe nafasi mama yako, akishamaliza kola ya hilo shati atakuwa mtu.'"

Mama Pindo akatoa macho, kisha kicheko kikampanda mpaka akashikilia tawi. Miaka yote hiyo, naye akidhani ameshasikia kila habari ya mtu yule! Akaketi jiweni, akamsukuma binti kidogo apate nafasi.

"Na alisema nini kingine?" akauliza. "Nieleze yote."