Volti za Mama Mkwe

Januarius alibana ncha za mita kwenye nyaya zilizoshuka kutoka kwenye mnara wa umeme wa upepo, akasoma volti kumi na nne. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la pamba. Nesi Klementina alikuwa akikoroga uji wake, akamwuliza bila kugeuka kama friji ya dawa itafika jioni ikiwa bado na baridi.

"Itafika," alisema Januarius.

"Basi ni mkweo. Ameanza tangu alfajiri."

Januarius hakutoka kuangalia. Alijua mama mkwe wake, Nyanjige, waliyemzika wakati wa palizi, amekaa juu ya mnara anasukuma mapanga ya jenereta kwa mkono, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni. Wagonjwa waliokuwa wakiingia zahanati walimwamkia, naye akawaitikia. Siku ya kwanza mtoto mmoja alilia, lakini ni kwa kelele za beringi, si kwa sababu ya bibi.

Hesabu yenyewe haina makuu. Unachukua idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili, unazidisha kwa nguvu ya sumaku, kwa eneo la koili na kwa kasi ya kuzunguka. Jibu ndilo volti. Vipimo vitatu vya kwanza Januarius alivipima mwenyewe katika karakana yake Bariadi, na kwa hilo hana mpinzani. Cha nne, kasi, kilitaka mtu aende kijijini, kule Zagayu, akapime upepo pale pale utakaposimama mnara. Na mnara ulipangiwa kusimama jirani kabisa na boma la Nyanjige. Mkwe wa Kisukuma akikutana njiani na mama wa mkewe huingia porini mpaka mama apite. Sasa huyu apande juu na kipima upepo, aone mpaka ndani ya bafu la mabua lisilo na paa? Januarius alipima upepo juu ya paa la karakana, mjini, akajipongeza kwa adabu yake.

Upepo wa kijijini ulikuwa nusu ya ule wa mjini. Jenereta ikatoa volti saba, friji ikabaki na joto, dawa ya sumu ya nyoka ikaharibika. Nyanjige alipogongwa na nyoka shambani, Klementina alimchoma dawa iliyokuwepo. Alifariki jua halijazama. Baada ya matanga alipanda mnarani, na tangu hapo mita inasoma sawasawa na hesabu.

"Baba Nancy, mayu amechoka," Milembe, mke wa Januarius, alimwambia kila alipotoka kumpelekea mama yake ugali na maziwa mgando. "Viganja vimechubuka. Ongeza waya umwache apumzike."

Kuongeza mizunguko mara mbili kungetosha. Lakini ingebidi aseme kwa nini, na akishasema hilo, angesema pia kwa nini friji ilikuwa na joto. Januarius aliona aibu, aibu ya kweli, mpaka ugali ulimshinda nyumbani kwake mwenyewe. Kila asubuhi alipanga kusema kesho.

Ndipo akaja injinia Method kutoka mkoani, na wageni wake. Aliinua macho mnarani.

"Yule ni mwendeshaji?"

"Ni mkwe wa fundi," alisema Klementina. "Ni marehemu."

"Sawa." Method alisoma mita, akalinganisha na hesabu. "Vimelingana kabisa. Fundi, kuna cha kurekebisha kabla hatujajenga jenereta nyingine kama hii Mwanhuzi?"

Milembe alikuwa amesimama chini ya mnara na bakuli mkononi, akimtazama mumewe. Juu, mapanga yalipunguza mwendo.

"Hakuna," alisema Januarius.

Wageni walipiga makofi. Mapanga yakashika mwendo wake. Kisha Nyanjige akasema kutoka juu, kwa kupitia mtu mwingine, kama inavyompasa mama kusema na mkwewe:

"Milembe, mwulize mumeo, huko Mwanhuzi nitakwenda kwa miguu au kwa basi?"

Milembe hakuuliza. Kila mtu alikuwa amesikia.

"Mwambie kwa basi," alisema Januarius, macho chini.