Ndizi kwenye Zulia Jekundu

Wakubwa wa Lagos walipomaliza kuupamba ufukwe wetu, sisi tuliokuwa tukisali pale tukajikuta nje ya uzio. Ndani wameweka vigae vyeusi vinavyong'aa, mabenchi yasiyo na kivuli, na chemchemi ya kurusha maji kando ya maji ya Mungu mwenyewe.

Mlinzi Sikiru, niliyemlisha uji tangu hana meno, alinizuia langoni.

"Mama Abeni, peku hapaingiwi."

"Nasi tukivaa kanzu nyeupe za kanisa letu hatuvai viatu. Unajua."

"Najua, Mama. Ila huo ubao wa masharti hapo langoni haujui."

Jumapili ile mjukuu wangu alikuwa abatizwe pale alipozamishwa mama yake. Nabii wetu alikuwa ameoneshwa mahali hapo katika sala, na mahali palipooneshwa hapabadilishwi. Wakubwa nao waliichagua siku hiyohiyo kukata utepe.

Basi nikasali nilipozuiwa. Nikawasha mishumaa, nikapanga nazi na ndizi juu ya zulia jekundu walilotandikiwa wakubwa langoni, nikavuka barabara kukaa na waumini wenzangu. Matunda hayagawanywi kabla mishumaa haijaisha.

Kamishna, mkubwa wao, akashuka garini na suti yake nzito. Alipoziona ndizi, akasimama kama aliyekuta kafara njiani. Wasomi wote nyuma yake wakasimama.

"Nani kaweka hivi?"

Wasomi wakarudi nyuma hatua moja.

"Mhandisi, ondoa."

"Mimi? Oga, mkubwa wangu, nina watoto wadogo."

Meneja akatazama saa. Mwanasheria akakumbuka simu. Mwishowe Sikiru akatumwa kunifuata, mbio.

"Mama, tafadhali, toa vitu vyako," Kamishna aliniambia, sauti imekuwa ya mkwe.

"Ni ndizi tu, mwanangu. Sokoni zimejaa."

"Toa hivyohivyo."

"Sala bado haijajibiwa. Tunataka kuingia tumbatize mtoto. Peku."

"Fungueni! Kila mtu avue viatu!"

Akavua yeye wa kwanza. Jua la adhuhuri lilikuwa limekwisha kuvichoma vile vigae. Sisi tumezoea mchanga wa moto. Wao walikwenda wakirukaruka, mmoja akimwita mama yake. Mjukuu wangu akazamishwa mbele ya kamera zilizoletwa kupiga picha chemchemi, ambayo haikutoa hata tone.

Mishumaa ilipoisha nikamgawia Kamishna ndizi. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akampa mhandisi.

Mhandisi akampa Sikiru. Sikiru akaimenya, akala.