Mkono wa Kulia wa Jezi Namba Sitini na Nne

Jumanne ya mwisho ya Novemba, Verna Haldorsen alifika kwenye duka la mikate la Lindenau mapema kuliko kawaida yake, akakuta meza ya nyuma imeshajaa. Ilikuwa siku ya orodha. Kila mwaka, msimu wa mpira ukiisha, makocha wa vyuo vinane vya ligi yao hupiga kura kuchagua timu ya nyota wa ligi, kikosi cha kwanza na cha pili, na kila mwaka wazee wa meza ile huisubiri kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Verna alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa jezi za timu ya Chuo cha Tanneborg, na hata baada ya kustaafu alikuwa akienda kule siku za Jumatatu kuziba yaliyochanika Jumamosi. Mpira wa kwao ni ule wa kubebwa mikononi na kugombaniwa kwa mabega. Watu wengi humtazama mwenye mpira. Verna alipenda kutazama ukuta, yaani wale wanaume watano wanene wanaosimama mbele kuwazuia wapinzani ili mbebaji apate njia. Hawafungi, hawakimbii mbali, na majina yao hutajwa wakikosea tu. Ni mmoja wao, yule wa katikati, anayeugusa mpira, kwa sababu ndiye anayeurudisha nyuma kati ya miguu yake kila shambulizi linapoanza.

Mwaka ule wa katikati alikuwa Tevita Mahe, kijana wa Kitonga kutoka Utah, mwenye kifua kama mlango wa ghala na sauti ya chini kama mtu anayeongea kanisani. Verna alikuwa amemsifu tangu Septemba. Habari ya jinsi Tevita alivyolisukuma jitu moja la wapinzani wao, Chuo cha Greaves, hatua nne nyuma, mbebaji akapita na kwenda yadi sabini bila kuguswa, alikuwa ameisimulia mara nyingi kiasi kwamba mwenye duka aliijua kwa moyo.

Saa tatu kamili Lyle Brekke aliinua simu yake. Lyle alikuwa tarishi kwa miaka mingi, akazoea kuwa mtu wa kwanza kujua nani kaandikiwa nini, na kustaafu hakukumwondolea tabia hiyo. Alisoma polepole, akitua makusudi baada ya kila jina. Mrusha mpira wao aliwekwa kikosi cha pili, wakanung'unika. Mpigaji wao wa mateke aliwekwa kikosi cha kwanza, na hapo Lyle mwenyewe akasema mguu ule haustahili, kwani ulikosa mikwaju miwili dhidi ya Greaves. Jirani yake akamjibu kwamba siku ile upepo ulikuwa unang'oa mabati. Wakabishana juu ya upepo kwa dakika nzima.

"Endelea na ukuta," Verna alisema. "Wengine tuna haraka."

"Haraka ya kwenda wapi, bibi wewe? Ng'ombe huna, mume huna."

"Nina sindano, Lyle. Endelea kabla sijakushona mdomo."

Meza ikacheka. Lyle akasoma. Kutoka Tanneborg, kikosi cha kwanza: mlinzi wa pembeni kulia, kama walivyotarajia, na mlinzi wa kushoto, Orrin Rasch. Akaendelea na vyuo vingine hadi mwisho, kisha kikosi cha pili, kisha yale majina ya chini ya waliotajwa kwa heshima tu. Jina la Tevita Mahe halikuwepo popote.

Verna alimwomba arudie. Lyle akarudia, safari hii bila madoido. Wote walimjua Orrin Rasch. Alikuwa kijana wa hapo hapo, mtoto wa shamba la mahindi lililo kaskazini mwa mji, mpole, mwenye nywele nyekundu, wa mwaka wa mwisho. Alisimama kushoto kwa Tevita mechi zote kumi, na hakuna mtu kwenye meza ile aliyeweza kukumbuka hata tukio moja lake.

"Huu ni upuuzi," Verna alisema. "Orrin ni kijana mwema, lakini wamemchagua asiyestahili. Amebebwa na Tevita msimu mzima. Ukisimama karibu na jiko, hata wewe utaonekana una joto."

Hakuna aliyecheka. Lyle alikuwa anatazama nyuma ya bega la Verna. Verna alipogeuka alimwona Emmett Rasch, baba yake Orrin, amesimama na vikombe viwili vya kahawa. Kimoja kilikuwa cha Verna, kwa maana Emmett alikuwa na desturi ya kumchukulia.

Emmett alikiweka kikombe mbele yake taratibu, kisimwagike.

"Hata mimi nilidhani angekuwa Tevita," alisema. "Sijui wameona nini." Kisha akasema ana trekta ya kutengeneza, akavaa kofia yake na kutoka. Chake alikiacha kwenye kaunta bila kukinywa.

Verna alikaa pale akitamani ardhi immeze. Alikuwa amefahamiana na Emmett tangu Emmett akiwa shule ya msingi. Mkewe Emmett alipofariki, ni Verna aliyemshonea Orrin suti ya mazishi, mtoto akiwa na miaka kumi na miwili. Hata hivyo, alipokuwa akiendesha gari kuelekea chuoni, hakuweza kujidanganya kwamba alichosema si kweli. Neno lilikuwa limetoka mahali pabaya, lakini aliliamini.

Chumba cha kufulia cha timu kilikuwa chini ya uwanja, na wiki ile wachezaji walikuwa wakirudisha vifaa. Verna alikuta jezi zimerundikwa mezani. Alikuwa hajakaa vizuri kwenye cherehani Tevita alipoingia na kinga zake za plastiki za mabega mkononi, akainama kidogo mlangoni kama kawaida.

"Shikamoo, Bi Verna."

"Marahaba, mwanangu. Njoo hapa kwanza. Wamekufanyia nini hawa watu?"

Tevita alivuta kiti, akamwambia, bila uchungu wowote, kwamba hakuna aliyemfanyia chochote. Kila chuo kinaruhusiwa kupeleka majina mawili tu ya watu wa ukuta ili makocha wayapigie kura. La kwanza lilikuwa la mlinzi wa pembeni kulia, ambaye hakuna aliyembishia. La pili kocha alitaka liwe la Tevita. Tevita akaenda ofisini kwake akamwomba alipeleke la Orrin.

Verna alihisi ameelewa. Akamshika mkono, akamwambia hilo ni jambo la kiungwana sana, kumwachia nafasi mwenzake kwa kuwa ni mwaka wake wa mwisho.

Tevita alitikisa kichwa. "Sikumwachia kitu, Bi Verna. Mwaka wa mwisho hauhusiki. Yeye ndiye bora kuliko mimi."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Mimi nikifanya kazi, watu wananiona. Yeye anafanya yake kabla hamjaanza kutazama." Akanyoosha mkono kwenye rundo, akachomoa jezi ya Orrin, namba sitini na nne. "Hii umeishona mara ngapi mwaka huu?"

Verna aliichukua. Hakuhitaji kuhesabu, maana vidole vyake vilijua. Mkono wa kulia, kwenye mshono wa bega, alikuwa ameushona mara nane. Kulikuwa na nyuzi za rangi mbili, kwa sababu mwezi Oktoba uzi wa bluu iliyokolea ulikuwa umemwishia. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima kama ulivyotoka kiwandani. Kila Jumatatu alikuwa akiiziba nguo hii huku akiwazia jitu la Greaves na kifua cha Tevita, na hata siku moja hakujiuliza ni nani aliyekuwa akimvuta Orrin kila wiki upande ule ule. Kulia kwa Orrin hakukuwa na mtu ila Tevita, na yule ambaye Tevita alipaswa kumzuia.

"Tazama mechi ya Greaves tena," Tevita alisema. "Mimi usinitazame."

Alasiri ile, nyumbani kwake, Verna alifunga mlango, akawasha televisheni, na kuitafuta mechi kwenye kumbukumbu za chuo. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka kidogo kidogo. Akaenda moja kwa moja kwenye lile shambulizi aliloliimba miezi miwili. Aliweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye kioo, juu ya namba sitini na nne, ili asimponyoke.

Mpira ukarudishwa. Orrin hakwenda mbele kwa mtu wake. Alijirusha kulia, bega likalipiga lile jitu chini ya mbavu, jitu likapinda upande mmoja kama kabati lililoinuliwa mguu. Ni hapo tu, likiwa limepinda, Tevita alipoingia chini yake na kuanza kulisukuma. Jitu lilikuwa limemshika Orrin mkono wa jezi na halikumwachia. Orrin akajichomoa kwa nguvu, na Verna aliona kitambaa kikifunguka, uzi wake mwenyewe ukikatika, kisha yule kijana wa nywele nyekundu akaenda mbio kukutana na mlinzi wa pili wa Greaves ambaye alikuwa anakuja kuziba pengo. Wakaanguka wote wawili. Mbebaji alipita juu ya miguu yao.

Yote hayo hayakuzidi sekunde mbili. Baada yake kamera ilimfuata mbebaji hadi mwisho wa uwanja, na watu elfu tatu, Verna akiwamo, walisimama kushangilia. Orrin hakuonekana tena mpaka kamera iliporudi. Alikuwa anainuka peke yake, akivuta mkono wa jezi uliochanika aufunike bega.

Verna aliirudisha. Akaitazama tena, na tena. Kisha akatazama mashambulizi mengine, akaanza mechi ya kabla ya hiyo, na ya kabla yake. Si kila mara ilikwenda vizuri. Kulikuwa na siku Orrin alichelewa akapitwa, na siku moja alimkanyaga Tevita wakaanguka wote. Lakini kazi ilikuwa ile ile kutoka mechi hadi mechi: bega kwanza kwa mtu wa mwenzake, kisha kujichomoa, kisha mtu wake mwenyewe. Alikuwa akifanya kazi mbili kwa muda wa moja. Verna alikuwa amewaona walinzi wa kushoto thelathini na zaidi wakipita pale chuoni, na hakumkumbuka hata mmoja aliyeweza hivyo. Mtu aliyejisifu kuwa anatazama ukuta alikuwa, kama wengine wote, anatazama pale ambapo kishindo kinasikika.

Asubuhi iliyofuata alikwenda shambani kwa Rasch. Emmett alimfungulia mlango mwenyewe, akamkaribisha jikoni bila maneno mengi. Supu ya viazi ilikuwa motoni. Verna hakuvua hata koti.

"Nilikosea jana," alisema. "Si kwa kuwa ulikuwa umesimama nyuma yangu. Ningekosea hata ungekuwa mbali."

Emmett alimjibu kwamba hakuna haja, kwamba yeye mwenyewe amekwenda mechi zote na hakuona kitu cha ajabu, ila alifurahi tu kwamba mwanawe hakuumia. Akakoroga supu. Halafu akasema kwa shida kidogo kwamba ndivyo ilivyo, mwanawe anacheza miaka minne na yeye babake anatazama mpira unakokwenda.

"Umeona nini?" aliuliza.

Verna akamwambia awashe televisheni.

Walikaa kwenye kochi la sebuleni, Verna akimwonyesha kwa kidole. Mara ya kwanza Emmett hakuona. Mara ya pili aliona bega. Mara ya tatu alisogea mbele, viwiko vikiwa magotini, na kuanzia hapo hakuhitaji kidole cha mtu. Alimwomba arudishe. Alitazama mwanawe akijichomoa, akaguna kama anayeinua kitu kizito. Verna alimtazama kwa kuibia, akaona uso wake umelowa, naye akageukia dirishani kumpa nafasi.

Orrin aliingia kutoka zizini, buti zikiwa na theluji, akawakuta hivyo. Alitazama televisheni, akajitambua, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Jamani, zimeni hiyo," alisema. "Bi Verna, hiyo hatua Tevita ndiye aliyenifundisha. Tulikaa juma zima uwanjani, mimi nikimgonga yeye."

"Yeye anasema wewe ndiye bora," Verna alisema.

"Muongo huyo." Lakini alikuwa anatabasamu, na hakwenda kuizima.

Emmett alisogea upande mmoja wa kochi, akapigapiga mahali palipobaki wazi. Orrin akavua buti, akakaa kati yao, na kochi likalalamika kwa uzito wake. Babake akamuuliza anajuaje ni wakati gani wa kuliachia lile jitu na kwenda kwa mwingine. Orrin alifikiri, akaanza kueleza kwa mikono, kwanza polepole, akiona aibu, kisha kwa kasi, akimgusa babake begani kumwonyesha mahali uzito unapohama. Emmett alimsikiliza kama anavyowasikiliza wenye mashine mpya, akiuliza swali moja moja, akitaka kila jibu likamilike.

Verna aliinuka kwenda kupunguza moto chini ya supu, maana ilikuwa imeanza kushika chini, na hakuna kati yao aliyekuwa amesikia harufu.