Daraja la Dakika Tatu

Saa kumi na mbili na robo jioni Mzee Tsai alimaliza kufunga kitambaa cheupe kwenye mianzi miwili, akapanga viti vyekundu vya plastiki mbele ya hekalu la Mungu wa Ardhi, na kama ilivyo desturi akaiacha safu ya kwanza wazi. Safu hiyo ni ya miungu. Sinema ya hekaluni huonyeshwa kwa ajili yao. Watu hudoea tu.

Safari hii mfadhili alikuwa Diwani Kuo, aliyekuwa akigombea tena, na filamu ilikuwa yake mwenyewe. Kuo akiinamia wakulima wa kijiji cha Shuiwei, Kuo akikata utepe wa daraja jipya, Kuo akinywa chai na wazee. Daraja lenyewe halikuwepo. La zamani lilichukuliwa na tufani miaka sita nyuma, na hili la kwenye filamu lilichorwa kwa kompyuta huko Taipei.

Jioni ya kwanza, utepe ulipokatwa, daraja lilitokea nyuma ya kitambaa likalala juu ya mto mpaka ng'ambo. Mbwa wa muuza tofu alivuka, akanusa, akarudi. Mzee Tsai alitazama saa yake.

"Dakika tatu na sekunde kumi," alisema. "Halafu inakuja sura ya Diwani, na daraja linaondoka."

Kesho yake watu walikuja na matoroli ya machungwa.

Su-chin alikuja na mama yake. Mama huyo, A-lien, alikuwa na miaka sabini na moja na figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alitakiwa kusafishwa damu kwa mashine, katika hospitali ya ng'ambo ya mto ambayo madirisha yake yalionekana kutoka hekaluni. Kwa barabara ya kuzunguka mlima ni saa mbili na nusu, na basi lilikuwa limeacha kuja. Mwezi ule alikosa mara nne, miguu ikavimba kama maandazi ya mvuke. Sasa Su-chin alimwachia muuza tofu binti yake wa miaka minne, akashika kiti cha magurudumu na kusubiri utepe ukatwe.

"Kimbia, Su-chin! Sura hiyo inakuja!" majirani walipiga kelele huku wakicheka.

"Nikikimbia mama ataanguka!"

"Mimi sianguki," A-lien alijibu kutoka kitini. "Wa kuanguka ni Diwani. Nimeshawaambia hao waliokaa mbele."

Walifika ng'ambo zikiwa zimebaki sekunde kumi na moja. Muuguzi alimpima A-lien uzito, akamlaumu kwa kuchelewa, akamuunganisha na mashine. Walirudi asubuhi kwa gari la mboga, kupitia mlimani.

Siku ya tano Diwani Kuo mwenyewe alikuja na lori la vipaza sauti, akigawa pakiti za tishu zenye picha yake. Aliambiwa habari ya daraja. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia kwamba mbolea imefika.

"Mheshimiwa," Su-chin alisema, "tunashukuru. Lakini lile la kweli litajengwa lini?"

"Dada, jana ulivuka au hukuvuka?"

"Nilivuka."

"Basi."

Kuanzia hapo lori lilitangaza kwamba ahadi ya daraja imetimizwa.

Jioni ya mwisho ya kampeni, hatua chache kabla ya ng'ambo, utepe mwekundu uliokatwa na Diwani ulijiviringa kwenye gurudumu la kiti. Su-chin alipiga magoti, akavuta, akang'ata kwa meno. Ng'ambo walikuwa wakihesabu sekunde kwa sauti.

"Nenda," A-lien alisema.

"Mama, nyamaza, karibu kinatoka."

"Una mtoto wewe. Nenda!" Akamsukuma mwanawe kifuani kwa mikono yote miwili, na ile mikono, japo ilikuwa na miaka sabini na moja, ilikuwa na nguvu.

Su-chin aliangukia kwenye majani ya ukingo. Sura ya Diwani ikaja.

Walitafuta mtoni kwa tochi kidogo tu, maana Mzee Tsai aliwaita. A-lien alikuwa kwenye filamu, katika kipande cha chai, kwenye kiti chake kati ya wazee wawili. Diwani alimshika mkono. Miguu yake haikuwa imevimba tena.

Kuo alishinda. Hospitali ilimpa mgonjwa mwingine nafasi ya A-lien. Su-chin aliandika barua ya kuomba daraja, na ofisi ya tarafa ikamjibu kwa adabu kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu Shuiwei ina daraja linalotumika. Filamu ilirudishwa Taipei kwenye kasha lake.

"Itakuja lini tena?" Su-chin aliuliza.

"Akigombea tena," Mzee Tsai alisema.

Ndiyo maana, baada ya miaka minne, wakati wanakijiji walipokuwa wakisema afadhali Kuo apumzike, Su-chin alivaa fulana ya kampeni na kupita nyumba kwa nyumba akimwombea kura. Walimsema. Muuza tofu alimwambia usoni, "Huna haya wewe." Su-chin alimwachia pakiti ya tishu.

Jioni ya kwanza alikaa safu ya pili na binti yake. Daraja likaja, matoroli yakavuka, likaondoka. Kisha kipande cha chai. Mama yake alikuwa amevaa sweta yake ya kijivu, kiwiko kikiwa na kiraka alichokishona Su-chin. Alikuwa akisema kitu, lakini juu ya sauti yake walikuwa wameweka muziki.

"Huwezi kuutoa huo muziki?" Su-chin aliuliza.

"Umeshashikana na picha," Mzee Tsai alisema.

Su-chin akatazama midomo. Ilikuwa inauliza kile ilichouliza kila siku alipotoka kazini: umekula?

"Nimekula, Mama," alijibu, na sura ya Diwani ikaja tena.