Shangazi Aliyekula Mayai

Shema alituma ujumbe kwamba tukutane Jumamosi, saa tano asubuhi, kwenye mkahawa mmoja kando ya ziwa, Goma. Angekuja na shangazi yake. Mwanaume anayetaka kumwoa binti yangu anatuma wazee nyumbani kwangu Masisi. Haniiti mimi nishuke mjini kula mkate. Nilishuka hata hivyo. Nilitaka kumwona huyo shangazi.

Mkahawa ulijaa. Vijana walisimama mlangoni wakingoja meza, na waliokwisha kukaa walipiga picha sahani zao huku chakula kikipoa. Binti yangu Murekatete alikuwa amefika kabla yangu. Alinikumbatia haraka, hakuniangalia usoni. Shema, shati jeupe, pasi nzuri, alinivutia kiti kinachotazama maji. Nikachukua kingine, kinachotazama watu.

Shangazi aliitwa Mukabaranga: umri wangu, kitenge cha bei, kicheko kikubwa. Alisema wao ni wafugaji kama sisi, watu wa upande wa Kitshanga. Nikamuuliza walikuwa wanachungia wapi kabla ya vita. Akasema vilimani. Vilima gani? Akasema vita imevuruga mpaka majina. Shema akamwita mhudumu upesi.

Zikaja omleti, viazi vya kukaanga, mkate uliopakwa parachichi, na maziwa baridi kwenye glasi ndefu zenye mirija. Sikugusa sahani. Murekatete naye hakugusa, na Shema alionja maziwa tu. Nyumbani kwetu, watu wanaotafuta ukwe hawali mbele ya wenzao kabla wazee hawajasikilizana. Mtoto wa wafugaji anajua hilo tangu akiwa mdogo, na niliona kwamba Shema analijua.

Shangazi yake alikula. Alimaliza omleti, akapangusa sahani kwa mkate, akauliza kama parachichi inaongezwa.

"Shema," nikasema, "huyu mama umemutoa wapi?"

Alianza kunieleza ukoo wa baba yake. Mukabaranga akamkatiza.

"Acha, papa, amekwisha kujua. Mama, miye nasimamiaka watu kwenye ndoa, wale hawana wazee wa kuwasemea. Iko kazi kama kazi ingine." Akaurudia mkate.

Nikawaza mabaya yote. Shema ana mke mahali. Au ametoka msituni kwa waasi na jina lake halitajwi mbele ya watu. Nikamuuliza Shema mama yake yuko wapi. Alimtazama binti yangu.

Murekatete ndiye aliyesema. Mama wa Shema yuko hai, yuko kambini kwa wakimbizi wa vita, Kitshanga, anafulia watu nguo. Ng'ombe wao waliisha wote. Hakuambiwa kitu kuhusu ndoa hii.

"Miye njo nilimutafuta huyu shangazi," akasema. "Weye kila muntu unamuuliza iko na nyumba wapi, iko na ngombe ngapi. Nilijua utakatala."

Nilikuja kumchunguza kijana wa watu, kumbe uongo ulipikwa nyumbani kwangu. Nilimwomba Shema namba ya mama yake, nikapiga kwa simu yangu.

Mwanamke aliitika. Nilimwambia mimi ni mama wa msichana ambaye Shema anataka kumwoa. Akasema, "Wezi wa telefone, leo mumekuya na ndoa?" Akakata.

"Mupigie weye," nikamwambia Shema. "Mwambie yote. Asipokubali yeye, hakuna ndoa."

Akatoka nje na simu yake. Kupitia kioo nilimwona akiongea, akisikiliza, akijifuta uso. Mukabaranga aliuliza kama nitakula omleti yangu. Nikamsogezea.

Shema aliporudi alinipa simu. Mama yake hakunisalimu, alianza kuuliza. Tunatoka kilima gani? Baba wa msichana aliitwa nani? Tunataka nini kwa mtoto wake, kijana asiye na ng'ombe? Na mama gani huyu anakutana na mwanaume mkahawani wakati ana nyumba?

Nilijibu yote, hata hilo la mwisho. Nikamtajia watu wa Masisi anaoweza kuwauliza habari zetu.

"Hao iko watu wako," akasema. "Nitauliza wengine."